Nyuma ya Amri ya ls

Januari 1979, maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, ilitoa Toleo la Saba la Unix. Miongoni mwa programu zake ilikuwamo ls, yenye kazi ya kuorodhesha mafaili ya saraka. Nimeifuata njia ya walioiandika kwa kuunda programu ya aina hiyo kwa lugha ya C ya wakati ule, ndani ya mfumo ule ule. Yeyote anaweza kufanya hivyo leo. Mwaka 2002 kampuni ya Caldera iliruhusu matoleo hayo ya kale yatumiwe bure, na programu ya SIMH huigiza PDP-11, kompyuta iliyoendesha mfumo huo, ndani ya kompyuta ya kawaida.

Katika Toleo la Saba, saraka ilisomwa kama faili lolote: unaifungua kwa open, unaisoma kwa read. Kila ingizo lina baiti 16, mbili za namba ya ainodi (rekodi yenye taarifa za faili) na 14 za jina. Faili likifutwa, namba hugeuzwa sifuri lakini jina hubaki pale mpaka nafasi ichukuliwe na jingine. Kwa hiyo programu yako isiporuka sifuri, itakuorodheshea marehemu pamoja na walio hai.

Mtego mwingine uko kwenye jina. Katika C, mfuatano wa herufi huishia kwa baiti ya sifuri, lakini jina la herufi 14 kamili haliachi nafasi ya baiti hiyo. Ukilichapa bila kikomo, printf huendelea kusoma kumbukumbu iliyo mbele. Dawa ni kuandika %.14s.

Ndani ya ingizo hilo hamna ukubwa wa faili, mmiliki wala tarehe. Hayo yote yamo kwenye ainodi, nawe huyapata kwa kuita stat. Hapo ndipo nilipoelewa mpango wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, waasisi wa Unix: saraka hutunza majina na namba za ainodi tu, faili lenyewe liko kwingine. Ndiyo maana faili moja laweza kuwa na majina mawili katika saraka mbili, na ndiyo maana wito wa kufuta huitwa unlink: hukata uhusiano wa jina na faili.

Hata mafaili yaliyofichwa yana asili humu. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, ameeleza kwamba ls ya mwanzo ilikusudiwa kuficha maingizo mawili tu, "." (saraka yenyewe) na ".." (saraka iliyo juu yake), lakini ikakagua herufi ya kwanza peke yake. Kila jina lililoanza na nukta likatoweka, na watu wakaugeuza upungufu huo kuwa desturi.

Mwaka 1983, toleo jingine la Unix, 4.2BSD, liliruhusu majina ya hadi herufi 255, na programu zikaanza kutumia opendir na readdir. Kiwango cha POSIX kikaziidhinisha mwaka 1988. Mabadiliko hayo yalihitajika, kwani programu haipaswi kujua diski imepangwaje. Leo Linux hukataa kabisa read juu ya saraka.

Hata hivyo, naamini kila mwanafunzi wa C aandike ls ya kale walau mara moja. Ataelewa kwa nini, kwenye seva ya leo, kufuta faili kubwa la kumbukumbu za matukio hakurudishi nafasi ya diski papo hapo: jina limeondoka, lakini ainodi haiachiliwi mpaka programu inayolitumia ilifunge.