Gatwekera na Mipaka ya Nafasi za Vijana

Ushirikishwaji wa vijana katika siasa na biashara nchini Kenya una msingi wa kikatiba. Katiba ya 2010 inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Kifungu cha 55 kinaitaka Serikali imwezeshe kushiriki. Cha 56 kinataka vivyo hivyo kwa jamii za walio wachache. Wapo wanaodai kwamba nafasi zilizotengewa vijana zinatosha, kwa kuwa umaskini wa mtaa wa mabanda haubagui kabila. Kibera, mtaa mmoja wa aina hiyo, inalitia dai hilo mashakani.

Gatwekera, kijiji cha Kibera katika eneobunge la Kibra, kipo kando ya reli, na wengi wa wakazi wake ni Waluo. Makina, katika eneobunge hilohilo, ni makao ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliopewa makazi na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Vijana wa vijiji hivi viwili ni rika moja kisheria, lakini wameingia utu uzima kwa njia tofauti.

Tofauti hiyo huonekana kwenye kitambulisho. Kwa miongo mingi kijana wa Kinubi alipelekwa mbele ya kamati ya uchunguzi, akadaiwa hati za wazazi na hata za babu. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa jamii hiyo. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti. Kikundi cha vijana cha kuzoa taka kikienda kusajiliwa, huulizwa nambari za vitambulisho vya mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Asilimia 30 ya zabuni za serikali, iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, haimfikii aliyekwama hapo.

Upande wa siasa, kifungu cha 90 kinataka orodha za vyama za viti vya uteuzi zionyeshe sura ya makabila ya nchi, lakini kinaziondolea sharti hilo orodha za mabunge ya kaunti. Kifungu cha 177 nacho kinawaweka vijana ndani ya makundi yaliyotengwa. Sheria ya Serikali za Kaunti inadai utofauti wa jamii za kaunti uonekane, ila anayepanga majina ni chama, na kijana wa jamii kubwa anaweza kujaza nafasi bila sharti la umri kuvunjwa.

Hupingwa kwa hoja kwamba kuhesabu kabila huchochea uhasama, na ghasia za baada ya uchaguzi za 2007–2008, reli ilipong'olewa Kibera, hutajwa kama onyo. Hata hivyo, kamati za uchunguzi zilikwisha kuhesabu kabila, tena kwa kuzuia. Mfano wa eneo moja hauthibitishi hali ya nchi nzima, lakini unatosha kuonyesha kuwa nafasi za vijana haziwezi kuchukua mahali pa kifungu cha 56. Usawa wa kupata kitambulisho na sharti la wazi la jamii ndogo katika orodha za kaunti vinapaswa kutangulia.