Kisu cha Kukunja Kilichoandikwa Okapi

Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, mzee mmoja wa parokia yetu hapa Goma aliningoja nje ya kanisa. Mkononi alishika kitu kilichofungwa katika kipande cha kitenge. Alikifungua polepole, kama mtu afunguaye masalio ya mtakatifu, nami nikaona kisu cha kukunja, mpini wake wa mti umekuwa mweusi kwa kushikwa miaka mingi, bapa lake limeshika kutu.

Akaniambia: “Mwalimu, kisu hiki babu yangu alikipata Tabora mwaka 1916, katika vita vya Wabeleji na Wadachi. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliposhuka mjini, nyumba yetu ilikwisha. Nilitoka na watoto, na kisu hiki mfukoni, basi. Nataka uandike habari zake, wajukuu wazisome nitakapokuwa nimekufa.”

Nani angekataa? Tena maneno yake hayakuwa ya ajabu. Katika mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yalianza kuvuka mpaka wa Kivu na kuingia Rwanda, iliyokuwa mikononi mwa Wadachi. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule yakaingia Tabora. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi, wamejitwika risasi na unga na mizigo ya maofisa, na wengi wao walizikwa njiani kwa njaa na kuhara damu. Majina yao ni machache sana katika vitabu. Kama mjukuu wa mpagazi anacho kisu tu cha kumkumbuka babu yake, yafaa tukiheshimu kisu hicho. Lakini atakaye kuandika lazima kwanza akiulize kisu chenyewe, maana chuma nacho kina maneno yake.

Basi nilikichukua nyumbani, nikakifungua. Wasomaji wengi wamekwisha kuona visu vya namna hii sokoni. Mgongoni mwa mpini pana kamani ndefu ya chuma, yenye tundu karibu na ncha yake na pete ndogo ya kuivutia. Mwisho wa bapa, pale linapoingia mpinini, ndipo panapoitwa msuka, na msuka wa kisu hiki umechongwa meno. Ukifungua, meno yanapita katika tundu moja moja, nawe wasikia tik, tik, tik, mpaka bapa linyoke na kukazwa. Haliwezi tena kujifunga likakukata vidole. Ukitaka kulifunga, inua pete kwanza. Visu vingine vya kukunja hukazwa kwa njia nyingine, kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni hilo, kabla hata ya kusoma herufi.

Kwa mfano kisu cha Opinel cha Wafaransa, ambacho wengine wanakichanganya na hiki, hakina kamani mgongoni wala meno. Chakazwa kwa pete pana inayozungushwa shingoni mwa mpini, na pete hiyo haikuwako kabla ya mwaka 1955. Mkatoliki atafurahi kuijua alama yake: mkono wenye vidole vilivyonyoshwa kama vya padri anayebariki, na taji juu yake. Joseph Opinel aliiandikisha mwaka 1909. Mkono ule ni wa nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, jirani na kwao, ambao kwa mapokeo ya watu wa huko Mtakatifu Tekla aliwaletea masalio ya vidole vya Yohane Mbatizaji.

Turudi kwa kisu chetu. Kwenye mpini zimetiwa alama za madini, mwezi na nyota. Mtu mmoja aliyekitazama akasema papo hapo: “Hiki ni cha Waungwana wa Tippu Tip!” Twaelewa kwa nini alidhani hivyo, lakini haiwezekani. Vita vya Waarabu na Dola ya Kongo vilikwisha mwaka 1894, na juu ya bapa mna neno ambalo halikuweza kuandikwa siku zile. Neno hilo ni OKAPI.

Hapo nilicheka peke yangu. Okapi ni mnyama wetu! Watu wa misitu ya Ituri walimjua tangu zamani, bali wataalamu wa Ulaya hawakumjua mpaka mwaka 1901. Mwingereza Harry Johnston alipata ngozi yake na mafuvu kwa ofisa mmoja wa Dola ya Kongo, Mswede, aliyekaa katika boma la Mbeni. Kwanza wataalamu walimhesabu kuwa namna ya farasi, kwa sababu ya vipande vya ngozi yenye milia; mafuvu yalipofika London wakatambua kwamba ni ndugu wa twiga. Magazeti yalijaa habari zake. Mwaka uliofuata, 1902, katika mji wa Solingen, Ujerumani, mji wa wafua visu tangu karne nyingi, kisu kipya kikapewa jina lake, kipelekwe kuuzwa katika makoloni ya Wadachi barani Afrika. Ndivyo jina lilivyotoka msituni Ituri, likaenda Ulaya, likarudi Afrika limepigwa juu ya chuma.

Kisu chenye jina hilo, basi, hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1902. Tabora mwaka 1916 yawezekana. Wala mtu asiseme kwamba kisu cha Kidachi kikionekana upande wetu wa mpaka lazima kiwe kimetekwa vitani. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliacha bonde la Kongo wazi kwa biashara ya mataifa yote, na Gisenyi ya Wadachi ilikuwa hatua chache tu kutoka hapa. Kisu kingeweza kununuliwa kwa samaki au kwa ngozi ya mbuzi.

Yalibaki maandishi madogo yaliyo chini ya kutu. Sikutumia msasa, maana msasa unakula herufi pamoja na kutu. Nilipaka mafuta, nikangoja siku mbili, nikafuta kwa kitambaa. Neno GERMANY likatokea. Ni Kiingereza, kwa kuwa tangu mwaka 1887 sheria ya Waingereza ilidai bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na wenye viwanda wakazoea. Nikafuta tena. Kabla ya GERMANY ikatokea herufi moja: W.

Ujerumani ya Magharibi ilianza mwaka 1949. Ikadumu hadi mwaka 1990, lakini visu vya Okapi havikungoja hata mwaka huo: mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ilinunua jina na mitambo, na tangu hapo vyatengenezwa kule. Kisu cha mzee ni cha kati ya 1949 na 1988. Babu yake hakukipata Tabora.

Nakiri kwamba nilikaa nacho juma zima kabla ya kumrudishia. Nilijiuliza kama ni lazima kumwambia. Lakini alikuwa ameniomba niandike, nami siwezi kuwaandikia wajukuu mwaka ambao chuma chenyewe chaukana.

Nilimwonyesha ile herufi juani. Aliitazama kwa muda mrefu. Mwisho akasema: “Baba yangu alikuwa na desturi ya kwenda Gisenyi siku za soko. Huenda cha kwanza kilipotea ziwani, akanunua cha kufanana nacho, asituambie.” Kisha akauliza: “Na Tabora, Mwalimu? Nayo si kweli?”

Nikamjibu kwamba kisu hakijui lolote juu ya Tabora, hakikuwako. Hakiwezi kumshuhudia babu yake wala kumkana. Akaniomba basi niandike yote mawili, mwaka wa kisu na maneno ya babu, kila moja mahali pake. Akakifungua kidogo, tik, tik, akainua pete, akakifunga, akakitia mfukoni.