Mivukuto ya Wazee na Hewa ya Moto

Richard Burton na John Speke walipita Ubwari, mbele ya Baraka yetu, mwaka 1858, wakienda Uvira. Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa soko la watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma. Watu wa nchi za maziwa walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe tangu kale. Ng'ambo ya kusini, katika Ufipa, tanuru ndefu ziliwaka bila mivukuto, zikivuta upepo zenyewe, Padri R. Wyckaert aliandika habari za wahunzi wa pande hizo, wapagani na Wakristo, mwaka 1914.

Lakini shauri kubwa lilizuka juu ya Wahaya. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza kwamba wazee wa Buhaya walijenga tena tanuru ya kale mbele yao, wakavukuta, na moto ukapita digrii 1,800. Tena walisema hivi: mirija ya udongo iliingizwa ndani sana ya moto, basi hewa ikapata joto mrijani kabla ya kutoka. Huko Scotland, James Neilson alipata hati ya ufundi wa kupasha hewa moto mwaka 1828 tu. Tanuru za kale za Buhaya zina miaka 1,500 na zaidi. Mwaona uzito wa neno hili!

Mwaka 1986 J. E. Rehder alikataa. Alisema hewa yapita mrijani upesi mno, haipati joto la maana. Schmidt na Avery wakamjibu.

Kiini cha ugomvi ni kitu chembamba sana. Hewa igusayo ukuta wa mrija haiendi, imeshikamana nao. Ya jirani yajikokota. Ya katikati yapita mbio. Mjerumani Ludwig Prandtl alieleza ngozi hiyo ya hewa mwaka 1904. Tazameni mto Mutambala: kando ya ukingo maji ni mavivu, katikati yana nguvu. Joto la udongo halina budi kupita kwanza katika ngozi hiyo, na hewa ni mchukuzi mbaya wa joto. Ni kweli kwamba pumzi za mvukuto, zikija kwa kukatika-katika, huivuruga ngozi na kupitisha joto zaidi kidogo. Hewa ikitoka mdomoni, ukuta hakuna tena: ngozi yavunjika, yajikunja kama viwimbi, yavuta hewa ya tanuru na kuchanganyika nayo. Basi moto mkali mbele ya mdomo wa mrija hauthibitishi kwamba hewa ilipashwa ndani yake. Huenda joto hilo ni la makaa.

Sisi twaona hoja ya Rehder ina nguvu. Hata hivyo chuma walichotoa wazee wale kilikuwa na sehemu za pua halisi, na hicho hakuna aliyekikanusha kwa hesabu za hewa.

Mkulima wa Fizi akikuta shambani kipande cha mrija wa udongo karibu na mavi ya chuma, asikitupe. Atazame upande wa nje: palipogeuka kioo kwa moto ndipo palipokuwa ndani ya tanuru. Urefu wa sehemu hiyo upimwe, na mahali pake paandikwe.