Gia Moja katika Nchi ya Milima

Kutoka Ipogolo, bondeni kwenye Mto Ruaha Mdogo, barabara ya kwenda Iringa mjini inapanda zaidi ya mita 100. Mwenye baiskeli aliyefunga gunia la mkaa au madumu ya ulanzi kwenye kerieri haupandi mlima huo akiwa ameketi. Anashuka, anashika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili, kisha anasukuma. Huko Uyole, Mbeya, kwenye njia zinazoshuka na viazi kutoka milimani, kazi ni kuteremka, na soli ya kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi husaidia breki. Baiskeli inaweza kuwa na gia ngapi? Katika Nyanda za Juu Kusini swali hilo ni la magoti na mapafu, na kwa miongo mingi jibu lake limekuwa moja: gia moja.

Gia nyingi hazikuwa siri kwa waliotuletea baiskeli. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza, iliyokuwa na soko kubwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, ndiyo iliyokuwa nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu) ya Sturmey-Archer yenye gia 3, iliyoingia sokoni mwaka 1903. Meno ya habu hiyo yamefichwa ndani yake, kwenye mafuta, mbali na vumbi na matope. Aina yake ya AW, iliyotoka mwaka 1936, hupunguza mwendo kwa robo katika gia ya chini na kuuongeza kwa theluthi katika gia ya juu. Ulaya yenyewe haikuzikumbatia gia upesi. Katika Tour de France, wanamichezo wa kulipwa hawakuruhusiwa kutumia vihamisha mnyororo mpaka mwaka 1937.

Wakati huo mji wa Mbeya ulikuwa mchanga, umeanzishwa miaka ya 1920 dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikivuta watu Chunya. Baiskeli ilikuwa mali ya karani, mwalimu, mhubiri na bwana shamba, na wengi wao walipanda ya gia moja. Nadhani sababu kuu ilikuwa fundi. Baiskeli ya gia moja hufunguliwa yote chini ya mti kwa spana chache na nyundo. Habu ya gia 3 ina vigia vidogo, springi na vikufuli vya ndani ambavyo, vikivunjika, haviwezi kuchongwa kwa tupa. Kinachoharibika Tukuyu na kuhitaji kipuri cha Nottingham huwa kimekufa.

Baada ya uhuru nchi ilijaribu kujitengenezea. Baiskeli za Swala za kiwanda cha Dar es Salaam zilifuata umbo lile lile la Kiingereza: fremu nzito, magurudumu makubwa, breki za fito za chuma na gia moja. Masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, Phoenix za China na baiskeli za India zikazidi kuja, na umbo halikubadilika. Kwa Kyela, tambarare iliyo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mashamba ya mpunga ya Usangu, umbo hilo linafaa kabisa. Kwa Rungwe ni adhabu.

Chukua baiskeli ya namna hiyo yenye meno 48 mbele na 20 nyuma. Gurudumu lake la inchi 28 lina mzingo wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo pedeli ikizunguka mara moja unasogea mita 5 na robo. Kwa habu ya AW, gia ya chini ingekupa mita 4 na ya juu mita 7. Sasa linganisha na baiskeli ya mtumba ya gia 21, yenye meno 28, 38 na 48 mbele, na 14 hadi 28 nyuma. Kwa gurudumu la inchi 26, gia yake ya juu kabisa ni mita 7, sawa na ile ya AW! Faida yote iko chini, ambako unasogea mita 2 tu, na hapo ndipo mtu mwenye mzigo mwepesi anaweza kuupanda mlima wa Ipogolo bila kushuka.

Ile 21 yenyewe hupatikana kwa kuzidisha 3 kwa 7, na nyingi zinarudiana: 28 kwa 14 ni mbili, 48 kwa 24 nayo ni mbili. Ndiyo maana wajuzi hutazama umbali kati ya gia ya chini na ya juu kabla ya idadi. Baiskeli ghali zilifika gia 30 na zaidi kwa kuzidisha huko, kisha zikarudi kwenye duara moja la meno mbele na maduara 12 au 13 nyuma. Habu ya Rohloff ya Ujerumani, ya mwaka 1998, ina gia 14 zisizorudiana hata moja.

Lakini mafundi wengi huzifungua gia za mtumba, wakafupisha mnyororo na kubakiza moja. Huo si ushamba. Rundo la meno nyuma husogeza spoki za upande mmoja karibu na katikati, gurudumu likadhoofika. Tena, kwenye habu nyingi za bei nafuu, mhimili hubaki bila egemeo upande wa mnyororo na hupinda chini ya gunia. Fundi huyo akitaka kumpunguzia mteja mlima, humfungia gia ya nyuma yenye meno mengi kidogo. Toka 20 hadi 22, na mita 5 na robo zinakuwa 4.8.

Maarifa haya hayajaandikwa popote ninapopajua, na sasa pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya mizigo. Boma la Wajerumani la Iringa limekuwa makumbusho tangu 2016. Naomba wahusika watafute baiskeli moja iliyobeba mkaa kweli, waiweke pale na kerieri yake iliyoungwa kwa nondo, wahesabu meno yake ya mbele na ya nyuma, na wamrekodi fundi akieleza kwa nini aliyachagua, kabla mafundi wa rika lake hawajaisha.