Elimu ya Biashara kwa Akina Mama wa Kariakoo: Tulikotoka na Tulipo

Tunaposherehekea miaka kumi ya akiba na mikopo, tujiulize: nani alitufundisha biashara? Wengi tutajibu, "mama" au "shangazi". Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliouteka mji huu mwaka 1916. Jengo kubwa la soko, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Akina mama hawakulisubiri. Bibi Titi Mohamed alipohamasisha wanawake kuingia TANU mwaka 1955, alipitia vikundi vya ngoma, na wengi waliomwitikia walikuwa wauza maandazi, vitumbua, samaki na pombe. Katika vikundi vya namna ile, na katika upatu, mtu alijifunza kukusanya michango na kutunza fedha za wenzake. Ilikuwa shule bila ubao.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Mshahara wa baba haukufika katikati ya mwezi, na biashara ya mama ndiyo iliyopika chungu. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wachuuzi wengi walihesabiwa kama wazururaji, wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Siku hizo ujuzi wa kwanza ulikuwa kukimbia na beseni! Baadaye milango ikafunguliwa, mama lishe wakatambulika, na SIDO, lililoundwa mwaka 1973, likazidi kuwafundisha akina mama usindikaji na hesabu za biashara.

Baada ya mwaka 2000 VICOBA vikaenea, na fedha ikaanza kupatikana. Mwaka 2009 ilifunguliwa Benki ya Wanawake Tanzania. Mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, kwa sababu fedha nyingi hazikurejeshwa, na ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hapo, jamani, ndipo penye somo letu.

Mkopo bila hesabu ni mzigo. Chukua mfano. Mama ananunua mchele, sukari, mafuta na mkaa kwa shilingi 20,000, anauza vitumbua kwa 26,000. Anafurahi: faida 6,000! Lakini toa nauli 1,500, mifuko 500 na maji 1,000; zinabaki 3,000. Jioni akitoa 5,000 za mboga akidhani anakula faida, kumbe amekula 2,000 za mtaji. Siku kumi tu, mtaji wote umekwisha, naye hajui umekwenda wapi. Atasema amerogwa.

Ndiyo maana kikundi chetu kinashikilia mambo matatu: daftari la kila siku, pochi ya biashara mbali na pochi ya nyumbani, na mama kujilipa posho aliyoipanga mwenyewe. Wapo wanaonung'unika kwamba mafunzo yanachelewesha mikopo. Tunawaelewa, ada za shule hazisubiri. Lakini kumbukeni usiku wa Julai 10, 2021, soko lilipoungua. Aliyekuwa ameandika mali yake na madeni yake aliweza kueleza alichopoteza na nani anamdai. Asiye na daftari alibaki na maneno tu.

Basi katika miaka kumi ijayo, kila mwanachama wa zamani amchukue mgeni mmoja, amfundishe kuandika na kupanga bei kabla hajapewa hata shilingi. Asiyejua kusoma, binti yake amwandikie. Akiba tunayo. Tusiiache ipotee kwa kukosa kalamu.