Kiunga Kilichofunikwa Lami: Jiografia na Watu wa Kent, Washington

Kila anayeandika kuhusu Kent, mji ulio kilomita 30 hivi kusini mwa Seattle, huanza na hesabu ya lugha. Watoto wa shule zake huzungumza nyumbani lugha zaidi ya 100, zikiwamo Kipunjabi, Kihispania, Kisomali, Kiukraini, Kivietinamu, na Kiswahili pia. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haielezi kitu. Lugha 100 zinaweza kubanana ndani ya majengo mawili, zinaweza pia kutawanyika wilaya nzima zisisikilizane. Swali lenye uzito ni kwa nini watu hawa wako hapa, na kwa nini wanalala vilimani ilhali kazi ziko bondeni. Hoja yangu ni kwamba mchanganyiko wa watu wa Kent umefuata maji, udongo na kodi ya nyumba kuliko ulivyofuata ukarimu ambao mji wenyewe hupenda kujisifia.

Kiswahili kina neno linalotufaa hapa: kiunga. Kwa watu wa pwani kiunga ni pembezoni mwa mji, na ni shamba la miti ya matunda lililo karibu na mji. Maana hizo mbili ziliishi pamoja kwa kuwa mji ulilishwa na pembezoni mwake. Kent ilikuwa kiunga kwa maana zote mbili, kisha ikapoteza moja.

Tuanze na maji. Bonde la Kent ni tambarare kama sinia, mita kumi na kitu tu juu ya usawa wa bahari, na mto Green unapita humo kwa kujipindapinda. Mashariki na magharibi ardhi inapanda ghafla hadi zaidi ya mita 100. Ndiyo East Hill na West Hill. Mafuriko ya mwaka 1906 yaliuhamisha mto White, uliokuwa ukiungana na Green, ukaelekea mto Puyallup upande wa kusini. Mwaka 1916 ujenzi wa mfereji wa meli wa Seattle ulishusha Ziwa Washington kwa karibu mita tatu, na mto Black uliokuwa ukitoka ziwani ukakauka. Miaka 10, mito miwili. Kwa Wamuckleshoot, wenyeji wa asili wa bonde hili, hilo lilikuwa pigo la chakula kabla ya kuwa jambo la ramani: katika mikataba ya 1854 na 1855 wazee wao waliachia ardhi lakini wakabakiza haki ya kuvua samaki, na haki hiyo ilibidi isubiri hukumu ya Jaji George Boldt, mwaka 1974, ndipo iheshimiwe.

Mafuriko yaliacha udongo mweusi. Walowezi walipanda mihopi ya kutengenezea bia, na jina la mji likaazimwa kwa Kent ya Uingereza iliyosifika kwa zao hilo. Wadudu walipoiharibu wakageukia ng'ombe. Maziwa ya kopo ya Carnation yalianzia hapa mwaka 1899. Baadaye zikaja mboga, na waliozilima kwa wingi walikuwa Wajapani. Sheria ya ardhi ya jimbo ya mwaka 1921 iliwazuia kumiliki mashamba, hata kukodi. Wengi walipenya kwa kutumia majina ya watoto wao waliozaliwa Marekani. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, familia hizo zilihamishiwa katika kambi za kizuizini kwa amri ya Rais Roosevelt, mboga zikiwa bado shambani. Vita vilipokwisha, waliorejea bondeni walikuwa wachache.

Jambo hili husimuliwa kama aibu ya wakati wa vita, nalo ni aibu kweli. Mwanajiografia anaona jingine ndani yake: bonde liliondolewa wakulima wake hodari miaka 20 tu kabla ya kuondolewa mafuriko. Bwawa la Howard Hanson, lililokamilika mwaka 1962 huko juu mtoni, lilifanya ardhi tambarare iwe salama kwa majengo. Mkulima gani aliyebaki angekataa bei ya kiwanda? Boeing walijenga kituo chao cha masuala ya anga za juu, na gari lililoendeshwa mwezini na wanaanga wa Apollo 15, 16 na 17 liliundwa humo. Baada ya viwanda yakaja maghala. Leo bonde la Kent ni moja ya maeneo makubwa ya maghala katika pwani ya magharibi ya Marekani. Kuta ndefu zisizo na madirisha, safu za milango ya kupakilia, malori yamerudi kinyumenyume hadi mlangoni kama ng'ombe kwenye kihori. Chini ya lami hiyo umo ule udongo mweusi.

Watu wakapanda vilimani. East Hill ikajaa nyumba za chini zisizo na ghorofa, zilizofuatwa na majengo ya fleti kando ya barabara kuu. Fleti zilipozeeka, kodi yake ikawa nafuu kuliko ya Seattle, na hapo ndipo mlango ulipofunguka: Wavietinamu na Wakambodia, Waukraini wa makanisa ya Kipentekoste, Wasomali, Wairaki, Wabhutani, Wakongo. Mji nao ulijitanua. Mwaka 1990 ulikuwa na wakazi 37,960. Mwaka 2020 walikuwa 136,588. Wengi katika ongezeko hilo hawakuhamia Kent. Kent ndiyo iliyowahamia, kwa kusogeza mpaka wake hadi milangoni kwao, kama ilivyofanya katika eneo la Panther Lake mwaka 2010.

Atatokea wa kunipinga: sera ya wakimbizi ya serikali kuu ndiyo iliyoamua. Sera huamua nani ashuke kwenye ndege. Mtaa huamuliwa na kodi, na aina ya nyumba huamua kazi. Zitazame zile nyumba za chini za East Hill. Sheria ya Washington inaruhusu nyumba ya kawaida ya familia kutumika kulelea wazee wachache, kwa miaka mingi wasiozidi sita. Nyumba isiyo na ngazi inafaa kiti cha magurudumu. Inatosha kuongeza njia ya mteremko mlangoni na vishikio bafuni. Wahamiaji wengi, Waafrika Mashariki wakiwamo, wameingia katika kazi hiyo. Hivyo mzee aliyeitumikia Boeing ujana wake wote huweza kumaliza siku zake katika mtaa uleule, akilishwa uji na mama wa Kikenya. Ujirani wa namna hii hauonekani katika hesabu ya lugha.

Wapunjabi nao wameshika usukani wa malori, na siasa kidogo: Satwinder Kaur alichaguliwa kuingia baraza la mji mwaka 2017. Ni hatua, ingawa kiti kimoja barazani hakimpunguzii mtu kodi ya nyumba.

Januari 2009 mvua kubwa ililitikisa Bwawa la Howard Hanson. Ukingo wake ulionyesha dalili za kuvujisha maji. Mifuko mikubwa ya mchanga ikapangwa juu ya kingo za mto, kilomita kwa kilomita, na bonde likakumbuka kwamba ni la mto. Hofu kubwa ilikuwa juu ya maghala. Lakini mshahara wa mpakiaji anayelala kilimani unatoka humohumo, na ghala likifungwa fleti ya juu hailipiki.

Mfano wa mwisho uko East Hill, katika kanisa la Hillside. Kanisa lilikuwa na eneo la kuegesha magari kubwa kuliko mahitaji yake. Shirika la World Relief, linalopokea wakimbizi, likashirikiana nalo kung'oa lami, na mahali pake pakagawanywa vipande 50 hivi vya bustani. Wanaolima ni watu waliokuwa wakulima makwao. Wengine wanasifia kazi hii kuwa tiba ya upweke, nami sina ubishi, ila naona pia kichekesho kichungu: mbolea na udongo ilibidi viongezwe juu ya ardhi iliyoshindiliwa, wakati udongo bora wa wilaya umelala bila kazi chini ya maghala. Maji ya mvua kutoka paa la kanisa huhifadhiwa kwenye matangi kwa ajili ya kiangazi. Yale yaliyokuwa yakikimbia juu ya lami yakibeba mafuta ya magari, kuteremka hadi kwenye vijito vya samaki, sasa yanazama palepale, kati ya matuta.