Mtumbwi haufi ndani ya maji

Leo nawaletea historia ndogo ya vyombo vyepesi vya majini. Lakini kwanza niungame kosa langu, juu bila kosa hilo nisingeandika kitu.

Mwaka nilipomaliza lisansi ya agronomia, nilirudi nyumbani kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, upepo wa kusini unachafua ziwa kiasi kwamba mitumbwi midogo haitoki. Nilikuta mtumbwi wa baba mkubwa umelazwa chini ya maji, mahali pa kina kidogo, umejazwa mawe. Ni mtumbwi mwepesi, wa mti mmoja uliochongwa mpaka mbavu zikawa nyembamba. Watu wawili wanaubeba mabegani bila shida. Samaki za mtumbwi huo ndizo zilinilipia minervali miaka yote.

Mimi msomi nikasema moyoni: wazee hawa! Maji yanaleta kuvu, kuvu inaozesha mbao, hiyo tulisoma darasani. Baba mkubwa alikuwa amepanda milimani kwenye kilio, karibu wiki tatu. Nikaita mdogo wangu, tukatoa mawe, tukavuta mtumbwi, tukauosha vizuri, tukauanika juu ya mchanga, tumbo wazi kwa jua. Nilijisikia kama mwana aliyelipa deni.

Haikuisha hata wiki mbili, ufa ukafunguka kutoka puani hadi karibu na katikati.

Baba mkubwa aliporudi aliinama, akaingiza kidole ndani ya ufa. Akaniuliza: “Mutoto yangu, nani alikuambia mutumbwi unataka jua?” Nikajibu: “Baba mukubwa, niliogopa utaoza.” Akasema: “Samaki inaoza ikiwa mu maji ao ikiwa inje?” Hakunigombeza zaidi. Aliziba ufa kwa pamba, lami na kipande cha bati, lakini maji yaliendelea kuingia. Msimu ule wote alivua ndani ya mtumbwi wa mtu mwingine, akigawana samaki na mwenye chombo. Mzee wa umri wake.

Ndipo nilipofungua tena notisi zangu, na nikaona kwamba mwalimu hakukosea. Ni mimi nilisoma nusu. Kuvu inayoozesha mbao inahitaji vitu viwili pamoja: unyevu na hewa. Mbao kavu, yenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi, haiozi. Mbao iliyozama kabisa nayo haishambuliwi na kuvu hiyo, kwa kuwa hewa haifiki. Inayooza haraka ni ile iliyo katikati: inalowa, inakauka nusu, inalowa tena. Mchwa nao hawafanyi kazi chini ya maji. Kwa upande mwingine, mbao inapokauka chini ya asilimia 30 hivi, inaanza kusinyaa. Ngozi ya juu inakauka mbele ya moyo wa ndani, inavutana nao, na mwisho inapasuka. Baba mkubwa hakuwa anaacha mtumbwi wake uoze. Alikuwa anaulinda na kiangazi.

Na hakuanza yeye. Mwaka 1987, kaskazini-mashariki mwa Nigeria, mchungaji mmoja alikuwa anachimba kisima karibu na kijiji cha Dufuna, jembe likagonga mti mgumu. Ulikuwa mtumbwi wa urefu wa mita 8 na kitu. Wachunguzi waliupa umri wa miaka karibu 8000, na ni mtumbwi wa zamani kuliko yote iliyopatikana Afrika mpaka leo. Nini kiliutunza? Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, bila hewa. Miaka elfu nane kwenye tope, na bado mtumbwi. Wetu, siku kumi na kitu juani, na ufa.

Lakini tusikimbie kusema kila chombo chepesi kizamishwe. Twende mbali kidogo, Kanada. Huko wenyeji wa misitu, kama Waojibwe na Waalgonkini, walitengeneza mtumbwi kwa gamba la mti. Gamba lilishonwa kwa mizizi, ndani likatiwa mbavu za mbao nyembamba, na mishono ikazibwa kwa utomvu wa miti uliochanganywa na mafuta ya mnyama. Wafaransa walipofika kutafuta ngozi za manyoya, mashua zao nzito hazikuwasaidia kitu kwenye mito yenye maporomoko. Wakajifunza kwa wenyeji. Katika karne ya 18 mitumbwi mikubwa ya urefu wa mita 11 hivi ilikuwa inaondoka karibu na Montréal kila mwezi wa tano, barafu ikishayeyuka, imebeba tani kadhaa za mizigo hadi ziwa Superior. Kutoka hapo mizigo ilihamishwa kwenye mitumbwi midogo zaidi iliyoweza kubebwa na watu wawili.

Mtumbwi wa gamba una sheria yake. Haukokotwi ufukweni hata hatua moja, juu jiwe moja linatosha kuupasua. Wapiga kasia waliruka majini, wakatoa mizigo chombo kikingali kinaelea, kisha wakakibeba na kukigeuza tumbo chini. Usiku walilala chini yake kama chini ya paa. Na kwenye safari walikuwa na utomvu tayari wa kuziba mishono iliyofunguka. Utomvu huo nao ulifuata majira: wakati wa jua unalainika, wakati wa baridi unakuwa mgumu na kupasuka, basi waliongeza au kupunguza mafuta kufuatana na hali ya hewa. Wakati wa baridi kali mito inaganda na safari zinakatika. Hapo mtumbwi unageuzwa, unainuliwa juu ya ardhi na kufunikwa. Kule Fort William, kituo kikubwa cha wafanyabiashara wa manyoya, kulikuwa na banda maalum la mitumbwi tu.

Karne ya 19, Marekani, fundi J. Henry Rushton wa mji wa Canton, jimbo la New York, alisukuma wepesi mpaka mwisho. Mwaka 1883 alimtengenezea mwandishi George Washington Sears mtumbwi wa mbao nyembamba sana za mwerezi: urefu chini ya mita 3, uzito chini ya kilo 5. Sears alikuwa mzee wa miaka 61, mdogo wa mwili, mwenye afya dhaifu. Chombo kizito kingemshinda kubeba kutoka ziwa moja hadi lingine. Alisafiri nacho zaidi ya kilomita 400 kwenye maziwa ya milima ya Adirondack. Alikiita Sairy Gamp, jina la mama mmoja katika hadithi ya Dickens, mlevi ambaye hanywi maji kamwe. Maana yake: mtumbwi wangu nao haunywi maji! Chombo hicho kingali kinatunzwa katika makumbusho, zaidi ya miaka 140 baadaye, ndani ya nyumba, mbali na jua na mvua.

Hata leo hadithi ni ileile. Mwaka 1965 mkemia Stephanie Kwolek aligundua nyuzi za Kevlar huko Marekani, na baadaye watu wakatengeneza mitumbwi myepesi sana kwa nyuzi hizo. Hazijui mchwa wala kuvu. Lakini mwanga mkali wa jua unazidhoofisha. Kwa hiyo wenye mitumbwi hiyo wanaambiwa nini? Igeuze tumbo chini, iinue juu ya vigogo viwili, iweke kivulini. Gamba la mti na nyuzi za maabara, dawa ni moja.

Historia ya kwetu nayo inasema hivyo. Stanley alileta mashua ya mwerezi iliyoitwa Lady Alice, iliyofungulika vipande na kubebwa na wapagazi. Ilizunguka ziwa Victoria mwaka 1875 na Tanganyika mwaka 1876, ikashuka mto wetu mkubwa. Mwezi wa saba 1877 wakaiacha juu ya mawe ya Isangila, karibu na mwisho wa safari. Maporomoko yote hayo hayakuiua. Iliachiwa jua.

Sasa angalia Liemba, ile meli ambayo wengi wetu kando ya Tanganyika tunaijua kwa jina tangu utoto. Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Mwezi wa saba 1916, walipoona wanashindwa, mainjinia wake walipaka mitambo girisi nzito, kisha wakaizamisha wao wenyewe. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi ikiwa na jina la Liemba. Chuma si mbao, na ni girisi ndiyo ilifanya kazi kubwa. Lakini niliposoma hivyo nilicheka peke yangu: mainjinia hao na baba mkubwa wangeelewana.

Basi nimejifunza nini? Kwamba chombo chepesi hakiharibikiwi sana siku za safari. Kinaharibikiwa siku za kupumzika, wakati hakuna anayekiangalia. Mti uliochongwa mzima na uliozoea maji baridi ya ziwa, uzamishe kabisa ao uweke kwenye kivuli kizito, usiuache katikati. Gamba, mbao nyembamba ao nyuzi, geuza, inua, funika. Na mbele ya kugusa chombo cha mzee, muulize kwanza.

Tangu maji ya Tanganyika yapande mwaka 2020 na 2021, pale alipokuwa anazamisha mtumbwi pamekuwa kilindi. Sasa ule wenye bati umegeuzwa chini ya mwembe, umefunikwa majani ya migomba, na kila jioni ya kiangazi baba mkubwa anaumwagia maji kwa ndoo. Hakuna kitabu kilichomfundisha. Alijaribu, akaona, akabadilisha. Sisi chuoni tunaita hiyo utafiti.

Wenzangu, kwenu wazee wanahifadhi nini, na kwa njia gani? Mbegu, nyavu, ngoma, mtumbwi? Waulizeni mwaka huu, muandike. Mimi niliuliza baada ya ufa.